Vitabu Walivyosahau Wageni

Kilosa
4 Februari 1973

Mtani wangu Kasiani, mla makombo ya Wazungu,

Shikamoo sikupi. Umenizidi umri, lakini binamu ni binamu, na mtani mwenye masikio kama yako akipewa shikamoo atavimba kichwa bure. Habari za Mikumi? Mkeo Fausta hajambo? Bado hajakutoroka?

Sisi huku tupo. Mama yako anakusalimu sana. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia bado haujarudi, na mguu wa upande huohuo vilevile, lakini ulimi umefunguka kidogo na sasa hata majirani wanamwelewa anachosema. Jana alimaliza uji na kipande cha papai. Namgeuza asubuhi, mchana na jioni asije akapata vidonda. Mvua ni nzuri na mto Mkondoa umejaa hadi watu wa bondeni wameanza kuhamisha kuku.

Sasa neno lenyewe, na ulisome umekaa. Nimechaguliwa. Katika walimu wa watoto wadogo wa wilaya yote, jina langu ndilo lililotoka, niende Ujerumani ya Mashariki, mji unaoitwa Leipzig, nikasomee ualimu wa chekechea kwa miaka miwili. Safari ni Septemba. Kabla ya hapo kuna usaili Dar es Salaam mwezi wa saba, mbele ya watu wa ofisi yetu na mgeni mmoja wa huko huko. Tumeambiwa kila mtu aje anaijua nchi anayokwenda, asiende kama mbuzi wa mnadani.

Nilikwenda Morogoro kutafuta vitabu. Wana Biblia, wana kamusi ya Kiingereza, wana madaftari. Ndipo nikakukumbuka. Si ulisema wageni wa hoteli yenu husahau vitabu vitandani nanyi mnavitupa stoo? Nataka vitatu: kitabu cha kuongoza msafiri, ramani, na kile kidogo cha maneno, ambacho mtu akisoma "naomba maji" anapewa maji. Nichagulie vizuri. Wewe unawatandikia Wajerumani kila siku, mimi sijamwona hata mmoja.

Shangazi nilipomwambia alilia, halafu akacheka, halafu akasema, "Nenda, binti yangu. Mimi ninaye mwanangu." Alikuwa anakusema wewe.

Mimi mtani wako,
Yunis


Mikumi
3 Machi 1973

Yunis, mke niliyeponea chupuchupu kuozwa,

Barua yako imefika ikinuka moshi, nikajua ni yako kabla sijasoma. Fausta hajambo, anasema hawezi kunitoroka maana hajapata mwingine mjinga kama mimi. Kazi ni nyingi. Juzi tembo walikuja mpaka kwenye tangi la maji, wageni wakapiga picha, sisi tukajifungia jikoni.

Hongera. Huko Ulaya kuna baridi, wataiona pua yako imeganda wadhani ni jiwe la kusagia.

Nimeingia stoo. Kuna masanduku mawili. Kuna vitabu vya ndege, vitabu vya mapenzi vilivyochanika majalada, na ramani ya treni zinazopita chini ya ardhi huko London, ambayo haikufai labda uwe fuko. Kuna kitabu cha maneno cha Waitalia, nusu yake ni kuagiza mvinyo tu. Chako nimekipata: Kiingereza upande huu, Kijerumani upande ule. Mgeni alikisahau bafuni na kimelowa pembeni, lakini maneno yapo yote. Nimekipitia. "Chumba changu kinatazama ukuta." "Mwavuli wangu umeibiwa." "Daktari, inaniuma hapa." Inaelekea mtu akifika Ulaya kazi yake ni kuibiwa, kuugua na kulalamika. Utawafaa.

Kitabu cha kuongoza msafiri na ramani vinataka uchaguzi, usinikimbize. Viko vingi na si vyote ni vya nchi unayokwenda.

Mama msalimie. Mwambie simba hawana Jumapili, ndiyo maana sijaja.

Binamu yako,
Kasiani


Kilosa
25 Machi 1973

Kasiani, mbwa wa jikoni,

Kitabu nimekipata kwa mkono wa Joha, jirani yetu, aliyekuwa kwenye treni ya Kidatu inayopita kwenu. Ahsante, ingawa pembe iliyolowa inanuka sabuni ya Kizungu na shangazi anataka kuinusa kila saa.

Tunajifunza wote wawili. Mimi nasoma, yeye anafuatisha kwa nusu ya mdomo. Sentensi anayoipenda ni ile ya mkahawani, "Mhudumu, supu hii imepoa." Sasa nikimpelekea uji ananiambia hivyo kwa Kijerumani, anacheka mpaka uji unamwagika. Hajacheka namna hiyo tangu augue.

Sasa nisikilize, na hili lisiwe la utani. Mimi naondoka Septemba. Mama yako hawezi kujigeuza, hawezi kujipeleka chooni, hawezi kushika kijiko. Ni yeye aliyenilea baba alipofariki, akanisomesha, na kama angesema nisiende nisingekwenda. Lakini amesema niende, kwa sababu anaamini utakuja. Kila siku anapanga utalala chumba kipi. Je, utakuja kukaa, au utamchukua huko? Treni ni ya saa chache tu, Kasiani. Mikumi siyo Ulaya.

Nijibu hilo, halafu unitumie ramani.

Yunis


Mikumi
20 Mei 1973

Mpendwa dada Yunis,

Natumaini u mzima wa afya. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kuchelewa, wageni walikuwa wengi na msimamizi hatoi ruhusa kwa mtu yeyote. Fausta anakusalimu kwa moyo wote.

Kuhusu mama, tutaona Mungu akipenda. Usiwe na wasiwasi.

Nimekaa siku nyingi na yale masanduku, nikichagua kama mtu anayechagua mbegu. Kulikuwa na kijitabu chembamba kilichochapwa huko huko Mashariki, karatasi mbovu, picha za viwanda na watoto wenye skafu shingoni. Nimekiacha, hakina heshima. Nimekuchagulia kitabu kinene chenye jalada gumu, cha wasafiri wenyewe, kina makanisa na majumba ya wafalme. Leipzig imo. Na ramani nimekuchagulia kubwa kuliko zote, ya kitambaa nyuma, haichaniki. Inaonyesha Ujerumani yote.

Siku ya usaili usiifiche mkobani. Itandaze mezani mbele yao. Waone kwamba umejiandaa na unaijua nchi yao kuliko wenzako. Kile kitabu nacho kiweke hapo juu.

Nakuombea kila la heri. Wewe ni fahari ya ukoo wetu.

Ndugu yako akupendaye,
Kasiani


Kilosa
17 Julai 1973

Kasiani,

Salamu. Mama yako ana homa tangu juzi na kidonda kimefunguka mgongoni, kwa sababu siku nilizokuwa Dar es Salaam Joha alimgeuza mara moja tu kwa siku, naye ana watoto wake na shamba lake.

Barua yako ya Mei haikuwa na tusi hata moja. Nilimsomea shangazi, tukasema, kumbe anatupenda, basi tu haya inamzuia. Nikafanya kila ulichoniambia.

Walikuwa watatu mezani: mama mmoja na bwana mmoja wa ofisi yetu, na yule mgeni, mwanamume mwembamba mpole aliyenivutia kiti. Nilimwamkia kwa Kijerumani akafurahi kweli. Akaniuliza ninajua nini juu ya nchi yake. Nikaona saa yangu imefika. Nikaitandaza ramani yako, ikafunika meza, hata kikombe cha chai ya yule mama kikabidi kisogezwe. Nikaweka kidole Leipzig.

Yule mgeni aliinama. Akatafuta mpaka wa nchi yake na asiuone, maana ramani yako ina nchi moja tu, rangi moja. Akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa juu ya kidole changu, kisha akatufasiria kwa Kiingereza: eneo linalokaliwa na Warusi. Akafungua kitabu, akasoma kidogo, akakifunga. Humo wameandika kwamba serikali yao si serikali. Akaikunja ramani taratibu, kingo kwa kingo, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakuniuliza tena swali.

Yule mama ndiye aliyeniuliza. "Binti, nani amekutuma utuaibishe?" Nikasema nimechaguliwa vitabu na ndugu yangu wa Mikumi. Bwana wa ofisi akaandika. Jioni waliposoma majina langu halikuwemo. Atakwenda mwalimu wa wilaya nyingine, Raheli, aliyekuja mikono mitupu na kusema hajui chochote ila yuko tayari kujifunza.

Shangazi nimemwambia safari imeahirishwa. Alinishika kwa ule mkono mzima akasema pole, pole, mpaka usingizi ukamchukua.

Nina swali moja tu, nijibu ndiyo au hapana. Ulijua?

Yunis


Mikumi
12 Agosti 1973

Yunis wangu, balozi wa Warusi,

Nimecheka mpaka Fausta akadhani nimeingiwa na pepo. Umefunika meza yote! Mpaka chai ikahama! Nakuona hapo na kidole chako.

Ndiyo, nilijua. Mzee mmoja Mjerumani, wa upande wa Magharibi, ndiye aliyeiacha. Aliniambia, hii huku kwetu tunaitundika ukutani, lakini ukivuka nayo kwenda kwa wenzetu wale watakufunga. Nikaiweka. Barua yako ya pili ilipofika nikajua kazi yake.

Usinune. Wewe ni binamu yangu, mimi ni mtani wako. Na usilipeleke kwa wazee, watakucheka. Mtani hashtakiwi.

Ukitaka la kweli nalo nitakupa, maana umelitafuta. Ungeondoka, nani angemwosha mama? Mimi? Mimi ni mwanamume, Yunis. Nimvue mama yangu nguo, nimgeuze, nimpanguse? Mwana wa kiume hauoni uchi wa mama yake, hakuna ukoo usiolijua hilo. Fausta amesema siku mkwe akikanyaga hapa yeye anarudi kwao Ifakara. Nikija huko naacha kazi, na kazi kama hii haipatikani mara mbili. Wewe ulilelewa na mama kwa hisani. Hisani hailipwi kwa kupanda ndege. Ulaya haikimbii, utakwenda mwaka mwingine, mama akiwa hayupo.

Jambo jingine. Barua zako siku hizi ni vidonda na homa na mashuka. Nikizisoma nashindwa kula, nami kazi yangu ni kutabasamu mbele ya wageni. Usiniandikie habari za ugonjwa tena. Niandikie njema. Kama huna njema, weka kalamu chini.

Mtani wako,
Kasiani


Kilosa
1 Septemba 1973

Mtani wangu Kasiani, masikio ya punda,

Habari za huko? Mimi mzima.

Umetaka habari njema, nazo zipo. Mama yako ameanza kukaa kitako. Homa imekwisha. Jumapili alikula samaki wa kukaanga, akamaliza, akaomba mwingine. Joha alimsuka nywele wakaimba. Alikuuliza, nikamwambia kazi zimekubana, akasema hewala, mtoto wa kiume ni kazi.

Mimi sina hasira tena. Utani ni utani.

Yunis


Mikumi
30 Septemba 1973

Yunis, mke wa fuko,

Umeniondolea jiwe tumboni. Nilimsomea Fausta habari ya samaki mara mbili. Unaona sasa? Ungekuwa Leipzig unalia na baridi, na mama angekuwa kitandani bila mtu. Mungu ana njia zake, na mara nyingine anawatumia watani.

Namletea mama blanketi jipya, zito, mgeni kaniachia. Mwambie nitakuja Krismasi, safari hii ni kweli, nimekwisha kuomba ruhusa. Anichagulie kuku.

Nakuwekea na kile kijitabu chembamba cha Leipzig, kipo tu stoo kinaliwa na mende. Kina watoto wa chekechea, wamepanga viatu vyao mstari. Uangalie picha, uone ulichokosa.

Kasiani


Kilosa
9 Desemba 1973

Kasiani,

Blanketi nimempa Joha. Kijitabu nimekisoma chote. Ni kizuri, chepesi, kinaeleweka, na mpaka wa nchi yao umechorwa kwa wino mwekundu. Ungenitumia hicho.

Wa kukuchagulia kuku hayupo. Mama yako alifariki mwezi wa nane. Tulimzika Rudewa, shambani, ubavuni mwa baba yangu.

Barua yako ya Agosti, ile uliyocheka, ilinikuta posta. Nilikuwa nimekwenda kukupelekea simu ya maandishi, maneno nilikwisha kuyaandika: mama hali mbaya njoo. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kukatika. Nikapewa barua yako dirishani, nikaisoma nimesimama pale pale. Ulisema kama sina njema niweke kalamu chini. Nikaichana ile karatasi nikarudi nyumbani.

Aliishi mpaka Jumatano. Ungemkuta. Alikuuliza, nami nikamwambia yuko kwenye treni. Basi kila treni ilipopiga honi stesheni aliugeuza uso kutazama mlango, na ikishaondoka aliniuliza mbona haingii, nami nikasema itakuwa ile inayofuata. Nilimdanganya mtu aliyenilea, tena akiwa anakufa. Hilo nitalijibu mwenyewe mbele ya Mungu, sikuombi unisaidie.

Habari za kukaa kitako na samaki niliziandika tulipotoka kufagia kaburi. Nilitaka ufurahi kwanza. Nilitaka uombe ruhusa, uwaambie wenzako, ununue zawadi. Nakuchukia, Kasiani. Nilidhani nikilisema hasira itapoa, haijapoa.

Wazee waliniuliza mtoto wake yuko wapi. Nikawaambia tulikuita, ukajibu una wageni. Waliniamini upesi mno. Wewe ni mtani wangu, na umesema mwenyewe mtani hashtakiwi.

Kuhusu kaburi, mambo yamebadilika. Mwezi wa kumi watu wote wa upande ule wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, karibu na barabara. Nyumba zimebomolewa, mapaa yamebebwa kwa malori. Halafu lilikuja trekta likalima lote, la kwetu na la majirani, kuwa shamba la kijiji. Msalaba ulikuwa wa mti, ukaenda na majembe. Nilikuwapo siku hiyo, nikatia alama yangu. Mimi peke yangu napajua.

Nimepata kazi ya chekechea katika mkoa mwingine. Sitakuambia ni upi. Barua ukileta kwa Joha zitanifika, kuzijibu ni hiari yangu.

Yunis


Rudewa
27 Januari 1974

Dada Yunis,

Sijui nianzeje salamu. Fausta amekwenda kwao. Kazini nimeomba siku nimekataliwa, nikaja hivyo hivyo.

Nilifika kijiji kipya nikamkuta mzee Mathayo, mmoja wa wazee wetu, kakaa nje. Nilimwamkia shikamoo. Akanitazama. Nikarudia, nikadhani hajasikia. Akainuka akaingiza kiti chake ndani na kufunga mlango. Tangu nizaliwe sijaona mtu mzima akinyimwa marahaba. Wa pili niliyemwamkia naye vilevile. Mwanamke mmoja ndiye aliyenisemesha, nikamwomba anipeleke alipozikwa mama yangu, akasema, "Kamuulize aliyemzika."

Nimewaambia sikuitwa. Nimewaambia ulidanganya. Wakaniuliza, kwa nini binti aliyemwosha mama yako siku zote hizo akusingizie? Ningejibu ningelazimika kusema habari ya ramani, nikaondoka.

Nimeingia shambani peke yangu. Hakuna nyumba, hakuna miti, hakuna kisima, na kaburi la baba yako sikumbuki tena lilikuwa wapi. Ni mistari ya mahindi kutoka barabarani mpaka kwenye kijito, na yote inafanana. Nilipiga magoti mahali nilipodhani ndipo. Kisha nikaona labda ni pale mbele, nikaenda nikapiga na pale. Mlinzi wa kijiji akaja akanitoa, akasema nakanyaga mali ya umma.

Dada, sikuombi unisamehe. Ulichofanya si cha mtu, na nilichofanya mimi unakijua. Nataka upande tu. Ni upande huu wa kijito au ule? Ni karibu na barabara au mbali? Huhitaji hata kuandika barua, mwambie Joha kwa neno moja, mimi nitamfuata Kilosa.

Mahindi yamefika gotini. Yakinipita kimo sitaona tena chochote. Nakusihi uniambie kabla hayajarefuka.

Kasiani